Bakuli Lililorudi Tupu

Mzee Orville Schrag alizikwa asubuhi, upepo wa Machi ukiwatia waombolezaji vumbi machoni hata asiyelia akaonekana analia. Kufikia alasiri watu wa mji mdogo wa Corwell walikuwa wameshakula wakashiba, wamekunywa kahawa, wamesimuliana jinsi marehemu alivyowahi kuendesha trekta mpaka ndani ya bwawa la ng'ombe, wamecheka, wamejifuta macho, wamekwenda zao. Ndivyo msiba unavyokwisha huko. Kinachobaki ni vyombo.

Na vyombo humbakia Nola Friesen.

Alikuwa amesimama mbele ya sinki katika jiko la ukumbi wa chini ya kanisa, mikono imezama kwenye maji ya moto, miguu inamwaka ndani ya viatu. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na miwili, mwenye nywele za rangi ya ngano zilizoanza kuvamiwa na mvi, na uso ambao ungekuwa mzuri sana kama ungepata usingizi wa kutosha. Hakuwahi kuolewa. Maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule ya Corwell, mpaka Mei iliyopita shule ilipofungwa na watoto waliobaki wakapakiwa kwenye basi la njano kwenda kusoma mji wa jirani. Tangu hapo alipikia misiba tu, na misiba ya Corwell haikupungua. Waliokuwa wanapungua ni watu.

"Hili la nani?" aliuliza Bi Verda Ratzlaff, bibi wa miaka themanini na kitu aliyekaa kwenye kiti karibu na oveni, kitambaa cha kufutia vyombo mapajani.

"Geuza uone."

Bi Verda aligeuza. Corwell kila chombo kina kipande cha utepe wa gundi chini yake, na juu ya utepe jina la ukoo limeandikwa kwa wino mzito. "Penner," alisoma. "Ningejua tu. Vyombo vya hao hata uvioshe kwa mchanga, mafuta hayatoki."

"Bi Verda, tuko kanisani."

"Tuko chini ya kanisa. Mungu yuko juu." Alifuta, akaweka kando, akachukua kingine. "Na lile lako la buluu? Bado liko likizo kwa Wendell?"

Nola alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Nilikuwa nauliza tu," Bi Verda aliendelea, sauti ya mtu asiyeuliza tu. "Maana leo pale makaburini nilimwona. Jeneza linashuka huku, yeye macho yake huko. Nikajiuliza, huyu anamzika Orville au anamzika Nola?"

Nola naye alikuwa ameona. Wendell Goertz alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, kofia mkononi, mabega yake mapana yamezuia upepo usimpige mjane wa Orville, na alikuwa anamtazama yeye. Macho yao yalikutana juu ya lile shimo. Nola aliyakimbiza yake haraka, moyo ukimwenda mbio kama wa msichana, akajionea haya mbele ya maiti. Alipoinua uso tena, Wendell alikuwa anatembea kuelekea kwenye pikapu yake kabla hata sala ya mwisho haijakwisha. Kwenye chakula hakuja. Mtu ambaye hakuwahi kukosa viazi vya Nola vya kuokwa kwa jibini msibani hata mara moja, leo hakuja.

Basi nitamweleza mgeni, maana mwenyeji hahitaji kuelezwa. Chombo cha msiba huko Corwell kina sheria zake. Mtu akifiwa anapelekewa chakula, na chombo hakidaiwi. Mfiwa hukaa nacho mpaka moyo wake utulie, kisha hukirudisha kwa mwenyewe, na hakirudishi hivihivi: atatia japo biskuti, japo mayai ya kuku wake. Siku hiyo ndiyo matanga huwa yameanuliwa. Kumwuliza mfiwa habari za chombo kabla ya hapo ni sawa na kumwambia, "Bado unalia tu?" Afadhali umtukane.

Wendell alikuwa amemzika mkewe Rhonda majira ya baridi ya mwaka juzi. Vyombo vya watu wote alivirudisha, kimoja kimoja, kila kimoja na pakiti ya biskuti za dukani. Bakuli la kuokea la Nola, la kioo cha buluu, halikurudi. Naye Nola alielewa kama ambavyo mtu yeyote wa Corwell angeelewa: mwanamume huyu bado yumo msibani. Rhonda alikuwa rafiki yake. Angeanzaje kumharakisha mume wa rafiki yake?

Lakini alimpenda. Hakuna haja ya kuzungukazunguka. Alianza kumpenda siku Wendell alipokuja kutengeneza tangi la maji ya moto la shule, akamaliza kazi, akabaki amekaa jikoni na kikombe cha kahawa iliyopoa kwa sababu hakutaka kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nola aliona zile kucha zake zenye weusi wa oili usiotoka, zimekishika kikombe kwa adabu kama kimetengenezwa kwa ganda la yai, na akajua ameshapatikana. Tangu siku ile, wanawake wengine wakingoja pete, yeye alikuwa anangoja bakuli.

Na sasa alikuwa amechoka kungoja.

Mlango wa ngazi ulifunguliwa, Arlis akashuka. Arlis alikuwa dada yake mkubwa, mwenye koti zuri na mkoba mzuri, aliyeondoka Corwell akiwa na miaka kumi na minane na tangu wakati huo hurudi kwa mazishi na Krismasi tu.

"Nola, masanduku yako yapo kwenye gari tangu asubuhi. Tunangoja nini?"

"Vyombo, dada."

"Vyombo haviishi huku. Unaviosha leo, kesho anakufa mwingine." Arlis aliona Bi Verda anamtazama. "Sikukusudia wewe, Bi Verda."

"Mimi siwezi kufa," alisema Bi Verda. "Mpishi anahama. Nani atapika?"

Arlis alicheka kidogo, lakini Nola hakucheka. Ilikuwa imeshapangwa. Dada yake alikuwa amemtafutia kazi mji mkubwa wa Wichita, jikoni kwenye makazi ya wazee, na chumba kilichokuwa na dirisha linalotazama bustani. Nola alikuwa ameomba jambo moja tu, wangoje mpaka Orville azikwe.

"Kule watakulipa," Arlis alisema, sasa kwa upole. "Utamaliza saa zako, utavua aproni, utakwenda kwako, utainua miguu juu ya kiti. Huku nani amewahi kukuambia asante?"

"Wanasema asante."

"Wanasema viazi vimekolea. Hiyo si asante, mdogo wangu." Alitazama saa. "Nilitaka nijaze mafuta, nimekuta pampu imefungwa. Yule bwana wako hata mafuta hauzi leo."

"Si bwana wangu."

"Afadhali. Fundi magari mwenye binti mkubwa anayekutazama kama umemwibia. Mama angekuwa hai asingekubali."

"Mama angekuwa hai angesema njoo ule," alidakia Bi Verda. "Hebu nipeleke nyumbani kwangu, Arlis, uache kumpandishia mwenzio presha. Nina debe la mafuta ya mashine ya kukatia nyasi kwenye banda. Utatia hilo." Alisimama kwa kujikongoja, akamshika Nola shavu kwa mkono wake wenye unyevunyevu. "Ukifika huko usiwafundishe vile viazi. Waache wale vya kwao." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na yule mwanamume nilimwambia. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

"Ulimwambia lini?"

"Leo, kaburini. Ulidhani alikwenda wapi mbio vile?"

Nola alifungua kinywa, lakini Bi Verda alikuwa ameshaushika mkono wa Arlis na wanapanda ngazi, wakibishana juu ya lile debe la mafuta.

Jiko lilinyamaza. Upepo uliutikisa mlango wa juu. Nola alitoa mikono kwenye maji, akaitazama. Ilikuwa myekundu, imekunjamana, mikono ya mama yake kabisa. Moyo wake ulikuwa umeanza kufanya jambo la kijinga, jambo la kutumaini, akausihi uache.

Hatua zikasikika kwenye ngazi.

Hakuwa Wendell. Alikuwa Kendra, binti yake, msichana wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi ya uuguzi mji wa jirani. Alikuwa amevaa koti jekundu la mama yake, na kwa sekunde moja Nola alidhani anamwona Rhonda mwenyewe anashuka. Mikononi alikuwa amebeba bakuli la kioo cha buluu, limefunikwa kwa karatasi ya jikoni ya rangi ya fedha.

Nola alijifuta mikono.

"Nimekuletea chombo chako, Bi Nola."

Bi Nola. Tangu anajifunza kuongea mtoto huyu alikuwa akimwita Anti. Nola alilisikia lile neno kama mlango uliofungwa taratibu usoni pake.

"Asante, Kendra. Weka hapo."

Kendra aliliweka mezani. Nola alifunua ile karatasi ya fedha. Chini yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na biskuti, hapakuwa na yai, hapakuwa hata na tufaha moja. Bakuli lilikuwa limeoshwa linang'aa, na tupu.

Katika miaka yake yote Nola hakuwahi kuona chombo cha msiba kinarudishwa hivyo. Aliwahi kusikia kimoja, enzi za bibi yake, na koo zile mbili hazisalimiani mpaka leo.

"Nimeliosha," Kendra alisema, macho ukutani.

"Naona."

"Tumeshamaliza nalo."

"Baba yako amesema lirudi?"

Msichana alisita. "Kwetu vyombo vimejaa. Napunguza." Kisha maneno yakamtoka kwa mkupuo, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi ndani ya gari. "Ni vizuri unaondoka. Kwa kweli ni vizuri. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba ulikuwa unangoja mama aondoke ili ukae pale."

Nola alishika ukingo wa meza. Wiki za mwisho za Rhonda alikuwa akienda kila jioni akitoka shuleni, akimlisha supu kwa kijiko cha mtoto, wakicheka mambo ya ujana wao mpaka Rhonda analala. Kendra alikuwapo. Kendra ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango. Angeweza kuyasema yote hayo. Lakini alimtazama msichana yule, macho yamemvimba, mifupa ya mashavu imetokeza, koti la mama yake linampwaya mabegani, na hasira ikamkosa. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Umekula lakini?" aliuliza.

"Nini?"

"Kuna mkate na nyama imebaki. Nikufungie?"

Kendra alirudi nyuma hatua moja. "Usinifanyie hivyo, Anti," alisema, na lile jina likamponyoka kabla hajalizuia. Aligeuka, akapanda ngazi mbilimbili, na Nola akasikia gari lake likitoka kwenye kokoto kwa kelele.

Kwa hiyo ndilo jibu. Miaka miwili ya kungoja, na jibu lilikuwa kioo kitupu. Alijiambia kwamba Wendell ameogopa kuja mwenyewe, amemtuma mtoto. Alijiambia kwamba Bi Verda alimwambia maneno kaburini naye akaona heri amalize jambo mapema. Akalikausha bakuli ingawa lilikuwa kavu, akalifunga kwa aproni yake, akaliweka juu ya mkoba wake wa safari uliokuwa mezani. Hakulia. Alirudi kwenye sinki, maana bado kulikuwa na sufuria ya kahawa.

Ndipo mlango wa juu uliposukumwa kwa kishindo, na mtu mzito akashuka anahema.

Wendell Goertz alikuwa bado amevaa suti yake ya mazishi, lakini tai ilikuwa imetupwa begani na shati lina doa la maziwa. Masharubu yake ya kijivu yalikuwa na unga. Mikononi, kwa kutumia taulo la kuogea, alikuwa amebeba kikaango cha chuma kinachofuka moshi.

"Nola," alisema. "Bakuli langu liko wapi?"

Nola aligeuka polepole. "Bakuli lako?"

"Lile la buluu. Nimepekua nyumba nzima. Nimetafuta mpaka gereji. Kendra hapokei simu." Alitazama huku na huko, akaliona pale juu ya mkoba, limefungwa kwa aproni, kona ya buluu imechungulia. Uso ukamshuka. "Nani alilileta?"

"Binti yako. Ameliosha vizuri sana."

"Na nini ndani?"

"Wendell, usinitanie leo. Sina nguvu."

"Na nini ndani, Nola?"

"Hakuna kitu! Liko tupu! Si ndivyo mlivyotaka?" Sauti ilimpanda mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Nimeelewa. Hukuhitaji kurudi kuniuliza kama nimeelewa. Nenda nyumbani."

Wendell aliweka kikaango mezani. Alivuta kiti, hakukaa, akakirudisha. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa yamemkwama yote kwa pamoja.

"Sikumtuma," alisema mwishowe. "Naapa kwa Mungu aliye hapo juu. Lilikuwa kabatini kwangu, rafu ya pili, asubuhi nimeliona. Nimetoka makaburini mbio ili nilijaze nilete kabla hujaondoka. Nimefika nyumbani, nimemenya viazi, nageuka kulichukua, halipo."

"Miaka miwili lilikuwapo."

"Ndiyo."

"Vya watu wote ulirudisha. Hata cha akina Penner."

"Cha akina Penner kilikuwa kinanuka."

"Wendell!"

"Kila nikilishika nilirudishe, nasema, Wendell, likishatoka hili humu ndani, huna tena kitu chake." Alikuwa anaitazama sakafu. "Nikila asubuhi naliona. Nikirudi kazini naliona. Nilijua siku nitakayolirudisha utasema asante, utafunga mlango, na itakuwa imekwisha. Basi nikakaa nalo."

Nola aliisukuma kando sufuria ya kahawa. "Mimi nilidhani unamlilia Rhonda."

"Namlilia. Nitamlilia mpaka nife. Bakuli halihusiani na hilo."

"Linahusiana! Corwell nzima ilidhani hivyo! Nimekaa miaka miwili nakupita barabarani nakupungia kidole kama jirani tu, najizuia, naona aibu hata kukuota, kwa sababu bakuli halijarudi!"

"Na mimi nikadhani, kama ana haja na mimi ataliulizia."

"Chombo cha msiba hakiulizwi!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa hukuuliza, nikajua huna haja."

Walitazamana. Lingekuwa jambo la kuchekesha kama lingempata mtu mwingine. Nola aliketi? Hapana, hakuketi, hakuwa na mazoea hayo jikoni mle. Aliegemea sinki tu, akafumba macho.

"Nimechoka, Wendell," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nakwambia kweli. Ungekuja na maneno haya mwaka jana ningekurukia shingoni. Leo nimechoka. Wewe unafikiri nachoka kwa sababu yako peke yako. Unakumbuka mazishi ya mama yangu?"

"Nakumbuka."

"Nani alipika?"

Wendell alifikiri. Nola aliona lile wazo likimfikia, na likimwumiza.

"Nilipika mimi," Nola alisema. "Nilitoka makaburini kaburi halijafukiwa lote, nikaja hapa kuwasha oveni, kwa sababu hakuna aliyejua kuiwasha. Mkala. Mkaja mmoja mmoja mkanishika mkono, mkasema, Nola, leo viazi vimekubali."

"Hata mimi nilisema."

"Hata wewe ulisema. Nikarudi nyumbani usiku, mlangoni hakuna kitu. Hakuna bakuli hata moja. Walidhani mpishi hana njaa." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyafuta. "Mji wote huu nimeulisha, Wendell. Sasa nibaki ili iweje? Nikupikie na wewe?"

Juu, gari la Arlis lilisikika likirudi, likasimama, likapiga honi.

"Kaa chini," alisema Wendell.

"Sijamaliza vyombo."

"Nola. Kaa chini."

Alivuta kiti kile kile cha Bi Verda, akakipangusa kwa tai yake ya mazishi, akasubiri. Nola alikaa. Ilikuwa ajabu kuliona jiko lile kutoka chini, kumbe rafu zilikuwa juu hivyo. Wendell alitafuta sahani, akafungua kabati tatu kabla ya kuipata, akatafuta kijiko, akaangusha viwili. Kisha akafunua kikaango.

Vilikuwa viazi vya msiba. Au vilikusudiwa kuwa. Jibini ilikuwa imeganda upande mmoja na kuungua upande wa pili, na juu yake alikuwa amemwaga zile chembe kavu za mahindi za kifungua kinywa, zilizopondwa, kiasi cha kutosha familia tatu.

"Hivi ni vya mara ya ngapi?" aliuliza Nola.

"Usiulize. Mbwa wangu siku hizi akiona kiazi anatoka nje." Alimpakulia, akamwekea sahani magotini. "Kila mara nilikuwa nasema vikitoka vizuri nitavitia kwenye bakuli nikuletee. Havikutoka vizuri. Leo nikasema basi, vyovyote vitakavyokuwa."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Kendra hatakubali," Nola alisema akiitazama sahani.

"Nitasema naye."

"Usimgombeze. Amevaa koti la mama yake, umeona? Mtoto hana mahali pa kuuweka uchungu wake, akauweka kwangu. Usimgombeze hata kidogo."

"Sitamgombeza."

"Inaweza kuchukua muda mrefu."

"Sina pa kwenda," alisema Wendell. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, magoti yakimlia, ile mikono yake mikubwa ikining'inia bila kazi. Alimtazama kama alivyomtazama kaburini, na safari hii Nola hakuyakimbiza macho yake. "Kula, kipenzi changu. Vinapoa."

Alikula. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha adabu tu. Cha pili alikitafuna polepole, machozi yakimdondokea kwenye sahani, na hakuna mtu aliyemwita, hakuna aliyeuliza kahawa iko wapi, hakuna aliyetaka chumvi. Mwanamume mzima alikuwa amechuchumaa sakafuni akingoja ashibe.

"Vina chumvi nyingi," alisema.

"Najua."

"Na vitunguu havijaiva."

"Najua, Nola."

Mlango wa ngazi ulifunguliwa, Arlis akashuka na funguo za gari mkononi, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. "Nola, nimepiga honi mpaka Corwell nzima imetoka dirishani. Giza litatukuta njiani. Unakuja au huji?"

Wendell alisimama, ameshika taulo la kuogea kama mtu aliyefumaniwa. Nola hakusimama. Alifuta sahani kwa kijiko, akala kilichobaki pembeni, akainua mkono na kumpa Wendell ile sahani tupu mbele ya dada yake.

"Niongeze," alisema.

Arlis aliitazama sahani. Akamtazama Wendell, masharubu yake yenye unga, na viazi vilivyoungua. Akamtazama mdogo wake aliyekuwa amekaa chini jikoni kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Kisha akaweka funguo mezani, kando ya bakuli la buluu, akaanza kufungua vifungo vya koti.